Meza mbili za kando ya kitanda, nafasi ya moja na nusu

Shikamoo Mzee wa Randa.

Mimi na mume wangu tumehamia nyumba ambayo chumba chake cha kulala ni kidogo kuliko tulichokizoea. Kitanda chetu ni cha futi 5 kwa 6, na nikipima pamoja na fremu ya mbao, upana unafika sentimita 160. Ukuta kinakoegemea kichwa cha kitanda una mita 2.7. Upande wa kushoto, anakolala mume wangu, zimebaki sentimita 70. Upande wangu wa kulia, penye dirisha, zimebaki 40 tu. Tulijaribu kukisogeza katikati ili pande zilingane, lakini mlango ukifunguliwa unagonga kona ya kitanda, tukakirudisha.

Shida yetu ni vitu vya usiku. Mume wangu huweka miwani, simu na glasi ya maji sakafuni, na miwani moja imeshakanyagwa. Yeye huamka usiku mara kwa mara, na kuna dawa anayomeza alfajiri. Mimi ni msomaji. Vitabu vyangu hulala chini ya mto au huanguka nyuma ya kitanda, na taa ya darini inatugombanisha kwa sababu yeye hulala mapema.

Sasa mume wangu ameona picha ya meza mbili nzito za mvule, kila moja ina upana wa sentimita 50 na droo tatu. Anataka fundi atunakilie vilevile. Fundi seremala tuliyezungumza naye anasema mvule haipatikani kirahisi, atazitengeneza kwa mkaratusi na kutukabidhi ndani ya wiki moja. Dukani nako zipo za chipubodi, nyepesi, na bei yake inavumilika. Mama mkwe anasema meza zikitofautiana chumba kitaonekana kama mabaki ya mnada. Mimi nikishika futi naona hazitoshi, ila nikisema naambiwa nakatisha watu tamaa.

Tunatarajia pia kubadilisha godoro. La sasa ni la inchi 6 na limeshabonyea, tunataka la inchi 10. Sijui kama hilo linahusika.

Naomba ushauri wako: tuchukue vipimo gani, mbao gani, na je, ni lazima zifanane?

Msomaji wa Usiku

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa miwani.

Nianze na godoro, ambalo umelitaja mwishoni kama jambo la pembeni. Ndilo linaloamua kimo cha meza. Uso wa meza ya kando ya kitanda unatakiwa uwe sawa na uso wa godoro, au upishane nao kwa sentimita 5 hivi, juu au chini, basi. Ukiwa chini zaidi ya hapo, aliyelala inabidi ajinyanyue na kupapasa gizani akitafuta glasi, na mwisho ataimwaga. Ukiwa juu zaidi, kiwiko kinagonga kona na taa inamulika machoni. Godoro la inchi 6 ni kama sentimita 15, la inchi 10 ni kama 25. Kwa hiyo meza itakayokaa sawasawa leo itakuwa fupi kwa sentimita 10 siku godoro jipya litakapoingia. Nunueni godoro kwanza. Kama mfuko hauruhusu, pimeni kutoka sakafuni hadi juu ya chaga, pale godoro linapokalia, msipime hadi juu ya ubao wa ubavuni. Jumlisheni sentimita 25, na hicho ndicho kimo cha kumpa fundi.

Sasa tuje upande wako, maana ndio wenye kazi.

Zile sentimita 40 ulizonazo si 40. Shuka na blanketi zinaning'inia, na mkono wa kutandika lazima upite kati ya godoro na meza: toa 4. Pazia la dirisha linahitaji kupita bila kubanwa: toa 5 au 6. Umebakiwa na 30, na hapo hujaacha hata upenyo wa ufagio. Mimi ningekukatia meza ya 28. Ile ya kwenye picha ya mumeo haiingii hapo hata kwa maombi.

Na hiyo ya 28 nisingeisimamisha sakafuni. Mtu anayeshuka kitandani kwenye uwazi wa sentimita 40 anatembea kiubavu, na nyayo zake zinahitaji sakafu yote iliyopo. Mguu wa meza ukiwa hapo, kidole kidogo ndicho kitakachoutambua kwanza. Kwa hiyo upande wako weka kiboksi cha ukutani: upana 28, kina 30, kimo kama 22, juu pawe na tundu wazi la kulaza vitabu viwili vitatu, chini droo moja. Chini yake unafagia, unapiga deki, na ukidondosha kitu unakiona.

Kiboksi cha ukutani kina sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Wanahesabu uzito wa vitabu na kusahau uzito wa mtu. Vitabu vitatu na simu havimsumbui mtu. Kinachong'oa kiboksi ni kiganja cha mtu anayekiegemea ili ainuke kitandani, tena siku akiwa mgonjwa au mjamzito, anapoegemea kwa nguvu zote. Mwambie fundi akitundike kwa papi mbili zilizokatwa mshazari wa nyuzi 45, moja ikiwa imefungwa ukutani na nyingine mgongoni mwa kiboksi, zikishikana kwa kulaliana. Hapo uzito unagawanyika kwenye urefu wote wa papi badala ya kuning'inia kwenye skrubu mbili. Ukuta wa matofali au zege utoboeni na kutia plagi nene za kushikia skrubu. Kama ni ukuta wa jasi, skrubu lazima zikamate nguzo zilizo ndani ya ukuta, maana jasi yenyewe haishiki kitu. Na msitoboe kabla godoro jipya halijafika.

Umenitajia fremu lakini hukunitajia ubao wa kichwani. Kama una mbawa zinazotokeza nje ya fremu, vipimo vyote vinabadilika, kwa sababu meza itakaa mbele ya ubao huo na itasogea kuelekea miguuni. Pima uwazi kutoka ukingo wa mbawa hadi ukutani, upime pia unene wa ubao wenyewe.

Upande wa mumeo una nafasi, na kwa haki nimwambie kwamba hapo meza yake ya sentimita 50 inaingia. Ila nisingemshauri. Huyo ni mtu anayeamka usiku mara kwa mara na kupita upande huohuo, macho nusu yamefumba na miwani haijavaliwa. Meza ikiwa na kina cha sentimita 45, kisha droo ikasahauliwa wazi, kitu kizima kinatokeza karibu sentimita 80 kwenye njia yake. Mpe upana wa 40 na kina cha 35. Zitabaki sentimita 26 hivi kati ya meza na ukuta baada ya kuacha nafasi ya shuka, na hapo ndipo atakapoegesha mkoba au viatu bila kuvirusha njiani. Kona zinazotazama njia zizungushwe kwa randa na msasa. Kona kali ya mbao ngumu kwenye kimo cha paja haisahauliki.

Hii iwe na miguu, na miguu iwe mirefu kiasi cha ufagio kupita chini, sentimita 15 hivi. Ninaposema miguu nina maana ya miguu minne halisi. Ubao wa pande zote ukishuka hadi sakafuni unafungia vumbi na kukifanya chumba kionekane kimejaa. Jicho likiona sakafu inaendelea chini ya samani, chumba kinapumua. Chini ya kila mguu kigongelewe kipande cha plastiki au mpira. Mbao hunywa maji haraka zaidi kwenye ncha zake zilizokatwa kuliko ubavuni, na sakafu inayodekiwa kila siku huozesha miguu kuanzia hapo, kimyakimya, mpaka meza ianze kuyumba.

Kabla hamjatoa malipo ya awali, tafuteni katoni mbili, mzikate kwa vipimo hivi, mziweke mahali pake na kuziacha kwa siku kadhaa. Yako ipachikeni juu ya stuli au ndoo iliyopinduliwa. Mume wako akitaka, kata na ya tatu ya sentimita 50. Mwache apishane nayo usiku. Hutahitaji kubishana naye tena, na hakuna atakayekuambia unakatisha tamaa.

Sasa droo tatu. Mumeo ana miwani, simu, glasi na dawa. Droo ya kwanza itabeba dawa na miwani. Ya pili na ya tatu zitabeba chaja zilizokufa, risiti na funguo zisizo na kufuli. Droo moja inamtosha, na chini yake pabaki rafu wazi. Dawa zikae ndani ya droo na si juu ya meza, hasa kama kuna mtoto nyumbani au anayekuja kutembea. Glasi ya maji ndiyo ikae juu, na ukingo wa meza wa nyuma na wa upande wa ukuta uinuliwe kidogo, sentimita moja inatosha, ili miwani isisukumwe ikaangukia nyuma.

Kuna hesabu ya droo ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi, na kwenye samani ndogo ndiyo inayoumiza. Chukua kiboksi chako cha sentimita 28. Fundi akitumia mbao nene za sentimita 2 kwa mbavu, umepoteza 4. Akifunga reli za chuma zenye gololi, zile zinazoteleza vizuri, kila upande unahitaji karibu milimita 12 na nusu, kwa hiyo umepoteza 2 na nusu nyingine. Mbavu za droo yenyewe zikiwa na sentimita 1.5 kila moja, umepoteza 3. Ndani umebakiwa na 18 na nusu. Umelipia 28, unatumia 18. Sasa mwambie atumie plaiwudi ya milimita 12 kwa mbavu, mbavu za droo ziwe za milimita 9, na badala ya reli za chuma droo ikalie vipapi vya mbao ngumu vilivyopakwa nta ya mshumaa. Ndani utapata karibu 23 na nusu. Hizo sentimita 5 ulizookoa ndizo zinazoamua kama kitabu cha ukubwa wa A5, chenye sentimita 14.8 kwa 21, kitalala humo utakavyo au kwa njia moja tu. Reli za chuma ni nzuri kwenye kabati la nguo. Kwenye kiboksi cha sentimita 28 zinakula nafasi bure.

Kuhusu mbao, swali ulilopaswa kumuuliza fundi si la aina ya mti. Muulize hivi: "Mbao hizi zilipasuliwa lini, na zimekaa wapi tangu siku hiyo?" Akijibu kwa kuzungukazunguka, hiyo ahadi ya wiki moja ndiyo ya kuogopa.

Sababu yake ni hii. Mbao mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito unaozidi nusu ya uzito wake ikiwa kavu. Inapoanza kukauka haibadiliki umbo, na hapo ndipo inapodanganya watu. Kusinyaa huanza maji yanaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na samani ya ndani ya nyumba hutulia ikifika kati ya asilimia 8 na 12. Penye hewa yenye unyevu mwingi inaweza kutulia kwenye 14 au 15. Safari hiyo ya kushuka kutoka 30 ndiyo inayopinda mbao, kuzipasua na kukwamisha droo. Na mbao haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki. Kwa upana inasinyaa sana. Uso wa meza wenye kina cha sentimita 35, ukitengenezwa kwa mbao yenye asilimia 20 ya maji kisha ukakaukia chumbani hadi 12, unaweza kupungua milimita 5 hadi 7. Fundi akiwa ameukandamiza kwa gundi na skrubu zisizo na nafasi ya kucheza, hauna pa kwenda. Utapasuka katikati, na mtasikia mlio usiku.

Mkaratusi si mti mbaya. Kuna meza nzuri sana za mkaratusi. Shida yake ni kwamba hukua haraka na gogo lake lina mvutano wa ndani; likipasuliwa, mbao huanza kujikunja papo hapo, na zisipokaushwa kwa utaratibu hupinda na kusinyaa kupita kiasi. Mkaratusi uliokaa umepangwa vizuri kivulini, vipapi vikitenganisha kila ubao na mwenzake ili hewa ipite, ni mali. Mafundi wa zamani hukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mbao inayokauka kwa hewa tu. Mkaratusi uliopasuliwa mwezi uliopita na kupigwa randa leo ni hasara iliyopakwa vanishi.

Kama hamwamini maneno, kipande kidogo kitawaambia ukweli. Omba kipande kutoka kwenye mbao zilezile, kipime kwenye mzani wa jikoni, kiache ndani ya nyumba, ukipime tena baada ya siku chache. Kikiendelea kupungua uzito, mbao hizo bado zina maji. Kikibaki vilevile, mwambie fundi aanze.

Ukiuliza ningechagua mti gani, kwa meza ya mumeo ningetafuta mninga mkavu, hata vipande vilivyobaki kwenye kazi kubwa, kwa sababu ukishakauka hauchezichezi na meza ndogo haihitaji mbao ndefu. Mtiki nao unafaa, una mafuta yake ya asili na maji hayauogopeshi. Mvule ni imara, wadudu hawaupendi, ila vumbi lake huwasha pua na ngozi za baadhi ya watu wanapoupiga msasa. Kazi hiyo basi isifanyikie chumbani kwenu. Na mumeo ajue kwamba miti hii haiko kama zamani: mwaka 2022 miti yote ya jamii ya mninga inayoota Afrika iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Kutaka meza mbili nzito za mbao tupu, droo tatu kila moja, kwa ajili ya miwani na glasi, mimi naona ni kuupoteza mti.

Kiboksi chako kisiwe cha mbao nzito. Mbavu za plaiwudi, uso na kipaji cha droo, yaani ubao wake wa mbele, vya mti uleule wa meza ya mumeo. Plaiwudi ina tabaka zilizopishanishwa nyuzi, kwa hiyo haisinyai kama mbao tupu, na kwa kitu kinachoning'inia ukutani wepesi ni sifa. Msonobari pia ungefaa kwa wepesi wake, ila ni laini. Ukidondosha funguo, alama inabaki.

Mbao yoyote mtakayochukua, itazameni ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Wadudu watoboao mbao hupenda hiyo kuliko kiini. Ukiona vitundu vidogo vya mduara kama vimetobolewa kwa sindano, na unga laini chini yake, usikubali kuambiwa vanishi itaviua.

Za chipubodi sizidharau. Kwa mtu anayehamahama, au anayetaka kuvuka mwaka mmoja akijipanga, zina kazi yake. Lakini mjue mnachonunua. Ukingo usiofunikwa ukilowa huvimba na haurudi. Skrubu ikifunguliwa na kufungwa mara mbili tatu haishiki tena, ubao unageuka unga. Na kuna ile harufu kali ya vitu vipya: gundi nyingi za mbao hizi hutoa fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kinachotoka kwenye kimeza kimoja ni kidogo na hupungua kadiri muda unavyokwenda, lakini chumba chenu ni kidogo, na hiki ni kitu kitakachokaa hatua moja kutoka puani mwenu usiku kucha. Mkinunua, tafuteni chenye alama ya E1, ya ubao unaotoa fomaldehaidi kidogo, au bora zaidi, kingo zote ziwe zimefunikwa, mpaka zile za nyuma na za chini, na kiachwe mahali penye hewa kabla ya kuingia chumbani. Plaiwudi nayo ina gundi, kwa hiyo ulizeni alama hiyohiyo.

Kufanana, sasa. Mama mkwe ana hoja, ila ameielekeza pasipo. Chumba huonekana cha kuokoteza pale vimo vinapopishana na rangi zinapogombana. Jicho la mtu anayeingia mlangoni husoma mstari wa juu: uso wa meza, godoro, uso wa kiboksi. Mstari huo ukiwa mmoja, na mbao ikiwa moja, unene wa uso ukiwa mmoja, hakuna atakayekuja na futi kupima kwamba kulia ni 28 na kushoto ni 40. Mwambie mama kwamba zitakuwa ndugu, si mapacha. Nadhani atakubali akiziona.

Taa yako isikae juu ya kiboksi. Kitako cha taa ya mezani kinaweza kula nusu ya sentimita 28. Funga taa ya ukutani yenye shingo inayogeuzwa, iwe juu kidogo ya bega lako ukiwa umekaa kitandani, upande wa nje, ikimulika kurasa na kumpa mumeo mgongo. Balbu ya LED haipati joto kama zile za kizamani, na hilo lina maana kubwa zaidi kama mnalalia chandarua, kwa sababu wavu hauvumilii balbu ya moto. Swichi iwe mkononi, si karibu na mlango. Na kabla fundi hajafunga mgongo wa meza ya kushoto, angalieni soketi iko wapi: plagi hutokeza sentimita kadhaa, kwa hiyo ama mgongo utobolewe ama meza isimame mbali na ukuta, na simu itaanguka kwenye huo mwanya.

Umaliziaji usiuache kwa fundi aamue. Ile polishi ya kizamani ya sheleki inapendeza macho, lakini glasi ya moto huiachia duara jeupe na manukato huiyeyusha, kwa kuwa sheleki yenyewe huyeyushwa kwa spiriti. Kwa meza itakayoona maji kila usiku, vanishi ya poliyurethani, mikono mitatu, kila mkono ukipigwa msasa laini kabla ya unaofuata, na chini ya uso pia ipite, si juu tu. Kama mnapenda mafuta ya kitani kwa sura yake ya asili, sawa, ila matambara yaliyolowa mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Yanapokauka hutoa joto, na yakiwa yamerundikana huweza kushika moto yenyewe. Yatandazwe nje mpaka yakakamae. Meza zenyewe zikauke kwa fundi mpaka harufu iishe.

Vishikio nimeviacha mwisho kwa sababu najua mumeo atataka vile vya shaba vya kwenye picha. Kwa upande wake vinapita. Kwa upande wako, kwenye uwazi wa sentimita 40, kishikio kinachotokeza kitakamata gauni lako kila asubuhi, kwa hiyo droo yako ichongwe mfereji wa vidole chini ya kipaji. Na kwa kuwa tumemwahidi mama mkwe undugu, mfereji huohuo uchongwe na kwenye ya mumeo.